Shangazi, bosi anashangilia matokeo ambayo mi naona ni ya kahawa na Panadol

Shangazi shikamoo,

Nakusoma siku nyingi ila kuandika ndo leo, nimebanwa pabaya. Mi ni mtoto wa Marangu, niko Ujerumani, nimesoma PhD huku huku na sasa ni mtafiti kwenye maabara moja ya kansa, jina naliacha. Kazi yangu ni metabolomiki, yaani tunachukua damu au kipande cha uvimbe tunapima vile vitu vidogo vidogo ambavyo mwili unavitengeneza na kuvichoma, sukari, laktati, amino asidi, mafuta, mamia kwa mpigo, kwa mashine ya masi spektrometa, inayotambua vitu kwa uzito wa molekuli zake. Nyumbani wanadhani nashinda na darubini, ukweli nashinda nasubiri foleni ya sampuli iishe halafu nagombana na kompyuta hadi usiku.

Sasa iko hivi. Nilipoingia kwenye huu mradi damu ilishakusanywa zamani na watu walioondoka, iko kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, wagonjwa 60 wa kansa ya utumbo mpana na watu 60 wenye afya zao. Lengo ni kuona kama damu peke yake inaweza kusema huyu ana kansa huyu hana. Nimeandaa sampuli vizuri, methanoli ya baridi kutoa protini, viwango vya ndani vipo, foleni nimeichanganya wagonjwa na wasio wagonjwa, na kila baada ya sampuli kumi naingiza ile ya mchanganyiko wa sampuli zote kuangalia kama mashine inayumba. Haikuyumba. Matokeo yakatoka mazuri ajabu, makundi mawili yamekaa mbali mbali kwenye grafu, hata mtoto anaona. Wagonjwa sukari iko chini, laktati iko juu, ketoni (vitu mwili unavyotengeneza ukichoma mafuta) juu, na vile vitu vinavyotokana na bakteria wa tumboni vimeshuka. Bosi alisimama kwenye kikao akasema hii ni Warburg mtupu, seli za kansa zinakula sukari zinatema laktati, tuandike pepa haraka tupeleke jarida kubwa.

Mi nikakaa na ile orodha ya vitu vinavyotenganisha makundi nikavipitia kimoja kimoja. Cha juu kabisa kilikuwa na uzito 195.0877, hakina jina, tumekiita tu namba. Nikaangalia weee, mwisho nikaenda kabatini nikatoa kafeini safi nikaipiga kwenye mashine, ikatoka dakika ile ile na uzito ule ule. Shangazi, kile kitu kinachotofautisha mgonjwa wa kansa na mtu mwenye afya ni kahawa! Wenye afya wamejaa kafeini, wagonjwa hawana kabisa. Kushuka chini kidogo nakuta paracetamol na mabaki yake, hiyo ipo kwa wagonjwa tu. Ikabidi nimpigie nesi mmoja wa wodi ya upasuaji, akaniambia wagonjwa walitolewa damu asubuhi ya operesheni, hawajala toka jana yake, tumbo limesafishwa kwa dawa, na tyubu zilikuwa zinakaa pale mezani zinasubiri mtu wa kuzibeba mpaka mchana. Wale wenye afya walitolewa damu hapa hapa kwetu, wameshakunywa chai zao, na damu ikazungushwa kwenye mashine kutenganisha seli muda ule ule.

Nikamwambia bosi kwenye korido. Akacheka, akasema basi toa kafeini na hiyo paracetamol kwenye orodha, modeli ya kompyuta inayotenganisha makundi bado inasimama. Ni kweli inasimama. Mwenzangu mmoja wa siku nyingi akanivuta pembeni akaniambia usijifanye polisi, mkataba wako unaisha mwaka huu na wa kuuongeza ni huyo huyo bosi, na akiuongeza ni kwa sababu ya hiyo pepa.

Juu ya hayo mama yangu mdogo amekutwa na kansa ya koo la chakula, walimpima KCMC, anasubiri kuanza matibabu. Mjomba kwenye group la familia kanitaja mimi, kwamba nilishawahi kusema kansa inakula sukari, kwa hiyo wamemkataza mama mdogo sukari, uji wenye sukari, ndizi mbivu, hata maziwa ya mtindi yenye utamu, wanasema wanaifisha kansa kwa njaa. Na kila siku naulizwa "dawa yako inatoka lini". Mi hata sindano sijawahi kumchoma mtu.

Nifanye nini shangazi, niwe mkali nikose kazi au nifumbe macho niweke jina langu?

Wa Friza, Ujerumani

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, hujambo. Mi nimekaa na hizo mashine miaka kabla sijaanza kazi ya kujibu barua za watu, kwa hiyo hapa hutapata zile za "mwombe Mungu na uwe mvumilivu", ingawa kuomba omba.

Naanza na mama mdogo maana huyo hawezi kusubiri majarida. Piga simu leo, simu ya sauti, usiandike kwenye group, na umpigie yule anayempikia. Mgonjwa wa koo la chakula anameza kwa shida, anakonda haraka, na mwili uliokonda sana unashindwa kuhimili mionzi na dawa. Kumnyima uji wenye sukari hakuifishi kansa kwa njaa, kwa sababu ini lenyewe linatengeneza sukari, likikosa chakula linachukua protini ya misuli yake linaigeuza sukari na damu inabaki na sukari yake kama kawaida. Kinachoisha pale ni nyama ya mama mdogo. Apewe uji mzito wa lishe, maziwa, mtori uliosagwa laini, mayai, mafuta, mara nyingi kidogo kidogo, ila kama ana kisukari hapo daktari ndo apange. Na wamwulize daktari habari ya stenti, kile kibomba cha kupanua njia ya chakula, kama kumezea kumeshakuwa kugumu. Tena chai ipoe. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa la WHO liliviweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa ya koo hilo, na huko kwetu Kilimanjaro pamoja na Bonde la Ufa upande wa Kenya kansa hii imekuwa nyingi kiasi kwamba watafiti wamefanya kazi Moshi na Eldoret kuangalia chai na uji wa moto vinahusika vipi. Hilo la chai sio la kumtibu yeye, ni la wanaokaa naye meza moja, watoto na wajukuu wanaomeza chai inatoa moshi.

Mjomba usimtukane kwenye group. Mwambie mi ni mtu wa maabara, mi sio wa wodi, niliongea habari ya seli kwenye sahani ya plastiki, sikuongea habari ya mama. Basi, rudia hivyo hivyo kila akiuliza dawa inatoka lini.

Ila umeona kitu hapo mwanangu? Mjomba wako na bosi wako wameshika stori moja. Otto Warburg miaka ya 1920 pale Berlin aliona uvimbe unachukua sukari nyingi na kuigeuza laktati hata kama hewa ya oksijeni ipo, na hiyo ni kweli mpaka leo, ndo maana kipimo cha PET kinamchoma mtu sukari yenye mionzi kidogo halafu kinaangalia inajikusanya wapi. Kilichoanguka ni ile hitimisho yake kwamba chanzo cha kansa ni upumuaji wa seli kuharibika, uvimbe mwingi mitokondria zake, yaani mitambo ya nguvu ya seli, zinafanya kazi vizuri tu. Na watu wakisikia Warburg akili inalala, wanaona Nobel ya 1931, ambayo hata haikutolewa kwa habari ya kansa, ilikuwa ya kimeng'enya cha upumuaji. Stori ni tamu, ukileta sukari chini laktati juu hakuna anayeuliza swali la pili.

Sasa swali la pili ndo hili. Seli nyekundu za damu hazina mitokondria. Zikikaa kwenye tyubu mezani zinaendelea kula sukari iliyomo na kutema laktati, hazina njia nyingine. Sukari kwenye damu ambayo haijazungushwa inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kwa saa kwenye joto la chumba, kila mtu wa maabara ya hospitali anajua hili, ndo sababu ya zile tyubu za kifuniko cha kijivu zenye floridi. Kwa hiyo tyubu iliyosubiri mpaka mchana inatoa picha ya Warburg hata kama damu ni ya mchezaji wa mpira. Tena ukifikiria vizuri, kauvimbe ka kwenye utumbo kutema laktati mpaka damu ya mwili mzima ionekane tofauti ni kazi kubwa, maana ini linaidaka laktati linaigeuza sukari tena. Ketoni zako ni za mtu aliyelala na njaa. Vitu vya bakteria vilivyoshuka ni vya tumbo lililosafishwa. Kahawa umeikamata mwenyewe. Ni kupima kiporo cha jana na wali uliotoka jikoni sasa hivi halafu ukatangaza kwamba mchele wa Mbeya ni tofauti na wa Kyela.

Na hapo ndo jibu la bosi la "toa kafeini na paracetamol" linapokwama. Hivyo viwili havikuwa ugonjwa wa data, vilikuwa mashahidi. Ukiwafukuza mashahidi kosa bado lipo ndani, limejificha kwenye vitu ambavyo vinafanana na biolojia ya kweli. Modeli kusimama bila kafeini hakushangazi hata kidogo, imebaki na njaa, na muda wa mezani, na dawa ya kusafisha tumbo, zote zinaonyesha upande ule ule.

Nakusifu kwa kuchanganya foleni na kuweka zile za mchanganyiko, lakini hizo zinakulinda kuanzia damu ilipofika kwako, hazioni kilichotokea kabla ya friza. Hata ufanye nini na takwimu, kama wagonjwa wote wamefunga na wenye afya wote wamekula, hakuna programu itakayokwambia kipi ni cha kansa na kipi cha njaa.

Kwa hiyo kabla hujarudi kwa bosi fanya kazi ndogo. Omba kumbukumbu za wodi, saa ya kutoa damu na saa ya kuzungusha, hata kama ni nusu tu ya wagonjwa zimeandikwa. Halafu waache wenye afya pembeni, kaa na wagonjwa peke yao, uangalie wale ambao damu yao ilisubiri kidogo na wale iliyosubiri sana. Kama alama za "kansa" zinapanda na muda wa kusubiri ndani ya wagonjwa wenyewe, basi umeshamaliza ubishi. La pili, kwa ruhusa ya kamati yenu ya maadili, wachukue watu wachache wa kujitolea, tyubu kadhaa kila mtu, moja zungusha papo hapo, nyingine iache mezani saa moja, nyingine mbili, nne, nane, zote zipite kwenye mashine. Angalia sana haipozanthini, hiyo inapanda damu ikikaa, ni kipimo kizuri cha uvivu wa mtu wa kubeba tyubu. Ukiweka hiyo grafu karibu na grafu ya bosi na zikafanana, hutahitaji kupandisha sauti.

Kuongea naye, korido sio mahali. Umemwambia mtu mwenye furaha akiwa anatembea, ulitegemea nini, atacheka. Omba nusu saa ofisini kwake, mlango umefungwa, wawili tu, kabla ya kikao cha wote, kwa sababu mtu mkubwa akishakosolewa mbele ya vijana wake anatetea heshima badala ya data. Nenda na grafu moja, usiende na ishirini. Anza na swali lake mwenyewe la hofu: wapitiaji wa jarida wakituuliza damu ilikaa muda gani kabla ya kuzungushwa, tunajibu nini? Atauliza hivyo yeyote anayejua hii kazi. Wajerumani nao usiwaogope kwa hili, kuongea moja kwa moja kwao sio utovu wa adabu, sisi ndo tumelelewa kuzunguka mbuyu mbele ya wakubwa, na hapo mzunguko utakuponza kwa sababu atadhani una wasiwasi mdogo tu. Ukitoka mwandikie barua pepe fupi, asante kwa muda wako, tumezungumza hili na hili, mimi nitafanya jaribio la tyubu. Tarehe ibaki mahali.

Mpe na mifano, wanasayansi wanapenda mifano ya waliochomeka. Mwaka 2002 kwenye jarida la Lancet ilitoka pepa ya kipimo cha damu cha kansa ya ovari kwa masi spektrometa, kiliwakamata wagonjwa wote 50 wa 50, dunia ikasimama. Baggerly na Coombes wa Houston wakachukua data zilizowekwa wazi wakazipekua, wakaonyesha tofauti nyingi zinaeleweka kwa jinsi sampuli zilivyopimwa na kuchakatwa, sio kansa. Hizo zilikuwa protini lakini mtego ni huo huo wako. Mwaka 2009 jarida la Nature likatoa pepa ya sakosini, kitu kidogo cha jamii ya amino asidi, kama alama ya kansa ya tezi dume, makundi mengine yakajaribu, mengi hayakuiona ikifanya ile kazi iliyotarajiwa.

Halafu usimwache amekata tamaa, mpe na upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2009 watu wa metabolomiki walikuta seli zenye hitilafu ya jeni ya kimeng'enya kinachoitwa IDH1 zinajaza kitu kinaitwa 2-hidroksiglutarati, kwenye uvimbe wa ubongo wenye hiyo hitilafu kilikuwa juu kama mara 100. Hicho hakikuwa njaa wala meza ya wodi, kwa sababu walijua kimeng'enya kipi kimeharibika na kinatengeneza nini, ukiondoa hitilafu kinashuka. Kutokea hapo dawa zikaja, enasidenib ikapitishwa Marekani 2017 kwa hitilafu ya IDH2, ndugu yake IDH1, kwenye kansa ya damu, ivosidenib 2018, na vorasidenib ya uvimbe wa ubongo 2024. Kwa hiyo fani yako sio ya utapeli, mtu akikwambia hivyo mkatalie.

Na mradi haujafa, hilo ndo la kumpelekea bosi mkononi. Tafuteni watu wa wodi ile ile waliokuja kwa mambo mengine, hernia, uvimbe usio kansa, wanaofunga vile vile, wanaotolewa damu asubuhi ile ile na tyubu zile zile, na kama inawezekana wawepo pia waliosafishwa tumbo kwa ajili ya kuangaliwa na kamera wakakutwa hawana kitu. Hao ndo wa kulinganisha na wagonjwa wenu. Matokeo yatapungua uzuri, na yakibaki mawili matatu yaliyosimama hayo ndo ya kuandika. Jaribio la tyubu nalo lenyewe ni pepa, fupi lakini inasomwa sana na watu wa benki za sampuli, na jina lako litakaa mbele.

Akikataa kabisa akasema tunapeleka hivyo hivyo? Jina lako ni mali yako, hakuna anayeweza kukuweka kwenye pepa bila ridhaa yako. Huko Ujerumani kila chuo na taasisi ya utafiti inatakiwa iwe na mtu wa usuluhishi wa mambo ya uadilifu wa kisayansi, wanamwita ombudsperson, unaongea naye kwa siri na sio lazima umshtaki mtu, unaweza kwenda kuuliza tu. Mi ningeenda kwake kabla ya kutoa jina, sio baada. Huyo mwenzako wa "usijifanye polisi" msikilize kwenye mambo ya kantini.

Mkataba. Usiufunge kwenye hiyo pepa hata kidogo, kwa sababu hata ukinyamaza bosi hana uhakika wa hela ya kukuongeza na wewe unajua. Sheria yao ya mikataba ya muda ya watafiti inakupa miaka 6 baada ya PhD kwa kawaida, hesabu umebakiza mingapi, halafu uliza kwa maandishi mwezi huu kama mkataba unaongezwa au la. Huku unauliza, anza kutuma maombi, mtu anayejua kuendesha masi spektrometa na kuandika programu za kompyuta za kuchakata data zake anatafutwa na maabara za hospitali, makampuni ya dawa, hata wapima vyakula. Barua ya mapendekezo iombe kwa msimamizi wako wa PhD, usitegemee ya bosi huyu peke yake. Na ofisi ya wageni chukua miadi mapema kabla mkataba haujakaribia kuisha, hizo miadi zinakawia balaa.

Shangazi